Fomu ya Ujumuishi, Shimo la Tatu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mgongo! Miezi mitatu napiga chepe hapa Itetemia, Tabora, palipokuwa kambi ya wapagazi wa misafara. Mpaka leo tumepata vigae vya vyungu, shanga kumi na moja na taya la mbuzi. Wenye elimu wanasema ni historia. Mimi naona takataka za watu waliokwisha kuhama.

Lakini leo habari kubwa. Dokta Nassibu, mkuu wa uchimbaji, alituita chini ya turubai. Akasema wafadhili wamechoka kuona utafiti unafanywa na wasomi peke yao; wanataka waliotengwa nao waingizwe, ndio ujumuishi. Kwa hiyo atapatikana Mtafiti Mshirika, na sisi vibarua tunaruhusiwa kuomba. Chepe chini! Kiti, kivuli, brashi mkononi, jina kwenye ripoti, kazi mpaka mwakani. Wengine mwisho wa mwezi kwaheri.

Lazima niwe mimi. Kwetu Maneromango wanajua mimi ni mtafiti tangu Mei. Niliwaambia mwenyewe kwa simu. Mama mkwe ametangaza kijiji kizima.

Tatizo ni Josepha. Mama wa Ipuli, tunachimba naye shimo moja. Bibi yake alikuwa mfinyanzi. Akishika kigae anakigeuza, anakinusa, anasema hiki cha maji, hiki cha pombe, hiki kilipasukia motoni. Dokta anaandika mbio mbio. Mimi nikishika kigae, vinakuwa viwili.

Jumanne, 15 Julai

Nimejaza fomu. Swali la nne: eleza namna ulivyotengwa. Swali tamu! Nimeandika kurasa tatu. Niliishia darasa la sita kwa sababu ya mwalimu kunichukia. Mgongo mbovu, nikaweka alama kwenye ulemavu. Miaka arobaini na mitatu, nikaweka alama kwenye vijana, maana moyoni ni kijana. Kwenye wanawake nilisita, nikaacha. Kabila dogo: Mzaramo pekee Tabora nzima. Yupo mwingine anauza dagaa sokoni, lakini huyo hakuulizwa.

Nilichungulia fomu ya Josepha. Mistari miwili tu! Kwamba anajua vyungu, na kwamba angependa kuulizwa. Nilimhurumia. Hajui kujieleza.

Aliniona nachungulia. Akasema Mzaramo akisikia ngoma anaacha hata jeneza njiani, sasa huo utafiti atamwachia nani. Shimo zima likacheka. Nikamjibu kwamba Mnyamwezi asipobeba kitu kichwani shingo inamuwasha. Wakacheka tena. Ndivyo ilivyo: Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, ruhusa kutukanana mpaka msibani.

Jumatano, 16 Julai

Ufunuo! Nimeupata mlangoni mwa choo. Limebandikwa tangazo: mradi huu hauvumilii kauli za kudhalilisha kabila la mtu, toa taarifa kwa Ofisa Ujumuishi. Ofisa mwenyewe, Bi Mwanahawa, anafika Ijumaa kutoka Dar. Nimekaa chooni muda mrefu nikiwaza. Festo, msimamizi wetu, aligonga akiuliza kama nimekufa.

Nimefungua daftari. Kila neno la Josepha naandika, na tarehe na saa.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ngumu. Josepha leo mpole, ana mafua. Nikamwamkia vizuri, akaniuliza nani amekufa. Hilo haliandikiki. Saa nne nikamwaga chekeche lake, kwa bahati mbaya ya makusudi. Alhamdulillahi! Matusi matano kwa mpigo. Kwamba wapagazi wa babu yake walipofika Uzaramo walikuta watu wanacheza, wakarudi baada ya mwaka wakakuta ngoma ile ile. Nimeyaandika yote. Na majibu yangu pia, maana yalikuwa mazuri, ni dhambi kuyapoteza.

Ijumaa, 18 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Bi Mwanahawa alisikiliza lalamiko langu chini ya turubai, mbele ya watu wote, eti uwazi. Nilisoma maneno ya Josepha kwa sauti ya kuumia. Alishtuka. Alimwuliza Josepha kama anajua anaweza kuondolewa leo hii. Josepha alinitazama tu. Nilijifanya natafuta ukurasa.

Ndipo Festo, mzee wa kanisa la Moraviani, mtu wa maneno machache, akaomba Bi Mwanahawa alishike daftari mwenyewe. Utaratibu unataka ushahidi. Akalishika. Akasoma upande wa pili. Majibu yangu yote! Na chini, kwa kalamu nyekundu: Josepha 11, mimi 14, nimeshinda.

Alijaribu kujizuia. Alishindwa. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kumbe mama yake ni Mzaramo. Akafuta machozi, akamwambia Josepha kwamba hawa wabeba mizigo wamezidi kumwonea ndugu yake. Josepha akamjibu hapo hapo kwamba wacheza ngoma sasa wanakuja na gari la mradi. Vicheko! Kisha Bi Mwanahawa akakumbuka tangazo lake la chooni, akakohoa, akafunga kikao.

Festo akasema anayeshtaki utani anatozwa jogoo. Nimetoa jogoo. Nimepewa shingo.

Jumatatu, 21 Julai

Matokeo. Mtafiti Mshirika ni Recheli, mwanafunzi wa shahada ya pili wa Dokta mwenyewe. Fomu ukurasa wa mwisho, maandishi madogo: mwombaji awe na shahada. Dokta alifurahi sana, kwa sababu Recheli ni mwanamke na ni kijana, visanduku viwili vya fomu kwa alama moja. Vibarua tumepigwa picha ya jalada la ripoti. Nilipewa brashi nishike. Picha ilipokwisha wakaichukua.

Mchana Dokta akaleta kigae kwa Josepha, kama kawaida. Josepha akakitazama, akamrudishia. Akasema amuulize mtafiti, maana yeye kichwa chake hakina cheti. Recheli, maskini, akasema kweli hajui. Dokta akamgeukia Festo. Festo akasema naye amesahau, uzee.

Jioni Josepha akatuomba sote tukae kimya hivyo mpaka jina lake liandikwe kwenye ripoti. Sisi wote tuliapa. Mimi niliapa kwa sauti kuliko wote. Josepha akanishika bega, akasema yaliyopita yamepita, mtani.

Jumanne, 22 Julai

Shimo zima bubu, na Dokta anahangaika. Nafasi kama hii haiji mara mbili! Nilimfuata pembeni, nikamwambia mimi pia vyungu navijua, nilikuwa naona haya. Akanipa kigae. Nikakinusa kama Josepha. Nikasema ni cha pombe ya mtemi, kilitumika siku ya mvua, mtengenezaji alikuwa mwanamke mfupi. Aliandika yote! Akasema nikimpatia chungu kizima cha namna hiyo kutoka ardhini, jina langu litaingia, shahada au si shahada.

Saa tisa nilikwenda sokoni nikanunua chungu. Muuzaji, mama mmoja mcheshi, aliniuliza cha kazi gani. Nikasema cha maji. Akanifungia kwa majani makavu, akaniita Adinani kabla sijamtajia jina, akasema yeye ni shangazi yake Josepha. Tena akanionyesha alama ya dole gumba kwenye kitako: kila chungu chake anaiweka, na Josepha anaijua hata akifumba macho.

Nimemshukuru. Watu wa Tabora wakarimu sana. Nimeshachagua pembe ya shimo nitakapokifukia.