Uyoga Wangu Unataka Pumzi

Jumatatu, tarehe 3

Uyoga umeota! Mifuko yangu yote kumi na miwili ya maranda, huko stoo, imechipua. Lakini maumbile gani haya? Shingo ndefu, vichwa kama vifungo vya shati. Mpishi wa hoteli ameutazama, akaguna, akauliza kama ni uyoga au njiti za kiberiti. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Mwanangu, fundi rangi, akadakia papo hapo: nikikataliwa tena, stoo anaichukua aweke ndoo zake. Stoo yangu! Mtoto niliyemzaa mwenyewe, na kichwa chake hakikuwa kidogo.

Jumanne, tarehe 4

Nimekwenda kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tunapakana naye, naye pia hulima uyoga. Nimejifanya naomba chumvi. Uyoga wake mpana kama visahani! Amesema hata mimi nikifungiwa kabatini nitarefusha shingo kutafuta hewa; basi nitoboe ukuta wa stoo. Amesema huku anacheka. Nimerudi nimenuna.

Nimewasha dawa ya mbu stoo nione moshi unaelekea wapi. Hauendi popote! Umekaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga. Nikafungua mlango. Ajabu: moshi ukatokea juu, ubaridi ukaniingilia miguuni. Kumbe hewa ina adabu zake, huingia chini ikatokea juu. Nimeutazama mpaka chungu kikaungua jikoni. Sikusoma, lakini pua haihitaji cheti.

Jumatano, tarehe 5

Fundi redio amenipa feni ya kompyuta mbovu. Ndogo kama kiganja, inazunguka kwa chaja ya simu. Tundu la kuingiza hewa nimelitoboa chini ya mlango. La kutolea je? Ukuta wa nje unatazama ua wa wifi. Nimpe raha ya kusema ndiye aliyenifundisha? Thubutu! Nimetoboa upande wa sebule, juu ya kochi, feni nikaipachika hapo. Moshi umetoka kama umeitwa. Nimejipigia vigelegele peke yangu.

Ule wa shingo ndefu tumeula. Sasa nangoja mpya.

Alhamisi, tarehe 13

Vichwa vimepanuka! Lakini leo mkwe wangu, mke wa mwanangu, alimkaribisha bosi wake. Bosi akaketi pale pale chini ya tundu. Vumbi jeupe la uyoga likamshukia mabegani, likaingia mpaka kwenye chai. Amepiga chafya kumi na moja, nimehesabu. Nimemfuta kwa kitambaa cha meza, miwani pamoja na kipara. Mkwe akaniambia nimemwaibisha, machozi yakamlenga. Hapo moyo uliniuma. Binti huyu hata figo nampa.

Mwanangu amesema tundu la sebule lizibwe leo hii, na kama sina pengine pa kutolea hewa, kesho jioni mifuko nje.

Ijumaa, tarehe 14

Nimetoboa ukuta wa nje. Wifi alisimama upande wa pili, mikono kiunoni, akinielekeza: juu kidogo, wifi yangu, juu! Nimemeza mate machungu. Patasi ikaniponyoka, akanirudishia kupitia tundu lenyewe. Kisha akaleta kipande cha bomba, tukakichomeka pamoja. Sikumwambia asante. Nimemwambia amenenepa. Ameelewa.

Jumamosi, tarehe 15

Mpishi amechukua wote! Stoo ni yangu! Mwanangu amenikumbatia, akaniomba radhi, nami nikamwambia ndoo zake azilalie.

Ila mpishi anataka mara mbili. Mifuko mipya niiweke wapi? Nimezunguka nyumba nzima nimeshika uzi, nione unapeperukia wapi. Bafuni! Unyevu upo, dirisha liko juu, upenyo uko chini ya mlango. Hewa ya bure, bila tundu wala feni! Kwa nini hakuna aliyeniambia? Mifuko minane imeshaingia. Mwanangu anagonga sasa hivi, taulo begani, rangi mpaka kwenye nyusi. Nimemwambia akaoge kwa shangazi yake, na aondoke polepole asinitikisie hewa.