Ombi la Bustani Juu ya Barabara ya Mtanda

Mtanda, Lindi
21 Novemba 1994

Ndugu Mhandisi wa Barabara,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na jamaa zako. Sisi Mungu anatuhifadhi. Mimi ni Klementi, katekista wa kigango cha hapa Mtanda. Naandika kwa heshima, ila moyo umeungua kidogo.

Mwezi Juni parokia rafiki ya Ulaya ilinialika. Padri mwenyeji, mzee aliyewahi kutumika Milola huku kwetu Lindi, akanipeleka kwenye bustani iliyojengwa juu ya barabara kuu ya jiji. Magari yanakimbia chini. Juu nyasi, maua na mabenchi. Nilisikia ardhi inanguruma nyayoni. Niliposimulia nyumbani, yakazuka haya:

1. Jirani yangu Maalimu Fakihi, ambaye ni mtani wangu, aliniuliza dukani mbele ya watu: "Klementi, magari chini, bustani juu. Na ulivyokwisha panda huko, peponi hukufika?" Tangu siku hiyo naitwa Peponi.

2. Mke wangu Romana, ambaye kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kuniita mwongo, ameniambia taratibu kwamba huenda baridi ya Ulaya iliniingia kichwani.

3. Hili ndilo linaloniumiza. Nilipofundisha habari za Yona tumboni mwa samaki, binti mmoja wa darasa la kipaimara, Lusia, alinyoosha mkono akauliza kwa adabu kama hayo nimeyasoma au nimeyaona safarini. Katekista asiyeaminiwa kwa bustani, ataaminiwa vipi kwa mbingu?

Kwa hiyo naomba ijengwe bustani kama ile juu ya barabara yetu, hatua arobaini tu. Najua utasema magari hayatoshi. Kweli, Jumatatu nilikaa mlangoni kutwa, yakapita mawili, na moja lilikuwa linasukumwa. Lakini siku hizi kila kitu ruksa, magari ya mitumba yanashuka bandarini. Yaletwe machache yazunguke chini, watu wasikie mngurumo. Mafuta yakikosekana, wapite wenye baiskeli wakipiga kengele. Sisi wa juu tutaelewa.

Ushahidi ninao. Mabenchi yale yana vibao vya shaba vyenye majina. Nikatambua mara moja kuwa ni makaburi ya watu wa heshima. Padri alikuwa kapumzika kwa mbali, sikutaka kumsumbua. Nikapiga magoti benchi kwa benchi na kunakili majina kumi na tisa. Mwezi huu wa marehemu kigango kizima tunawaombea kila jioni. Mwongo angeyatoa wapi majina hayo?

Nisalimie mama watoto, wapimaji wako, na dereva wa greda asisahauliwe.

Wako katika sala,
Klementi, Katekista

N.B. Kabla sijafunga bahasha, limefika jibu la padri, maana nilimwandikia tangu Septemba kuhusu maombi tuliyokusudia. Anasema majina yale ni ya watu waliochangia mabenchi. Kumi na wanne wako hai, mmoja ndiye daktari wake wa meno, na wanashukuru kwa sala. Kwa hiyo tafadhali usijenge. Watu wakiiona bustani wataniuliza makaburi yako wapi, na Maalimu Fakihi atakuwa wa kwanza. Romana amecheka mpaka akakaa chini, kisha akasema sasa ananiamini, kwani hakuna mtu anayejitungia aibu kama hii.