Mkubwa Hutangulia

Jumatatu, 4 Agosti

Msimamizi wa jengo kasema mlangoni itabaki meza moja tu. Moja! Miaka kumi na moja nauza vitumbua pale, Berea nzima, mtaa wetu hapa Joburg, inanijua. Jeannine, Mkongo wa ghorofa ya pili, kaja mwaka juzi tu na mikate yake ya kukaanga. Nikamwambia ahame. Akasema nihame mimi. Mjukuu wangu Samira, aniitaye gogo, yaani bibi, kama watoto wa hapa na kunijibu kwa Kizulu, akaleta karatasi: Jumamosi, Siku ya Wanawake ya huku, mbio za baiskeli za kina mama waliovuka hamsini na tano. Nikasema haya, atakayeshinda achukue mlango. Jeannine kakubali upesi mno. Kuna kitu.

Hajui mimi ni wa Tanga. Kwetu mwanamke anakwenda arusini kwa baiskeli, baibui mwilini, sinia la pilau mkono mmoja.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi. Ndani ya ukumbi! Agosti hii hakuna hata tone la mvua, wanaficha nini?

Njia yenyewe ya mbao, na kwenye kona imesimama kama ukuta. Fundi kaipinda, kachukua chake, kakimbia. Nikapewa baiskeli. Haina breki! Nikamtazama Jeannine mikononi, kama kazing'oa yeye. Kocha, MaDlamini, akaapa kwamba zote hazina, na pedali hazitulii, miguu izunguke tu mpaka baiskeli ichoke yenyewe. Nikaomba kengele na kapu. Hakuna. Kwenye kona nikaenda polepole, kwa adabu. Nikaporomoka mpaka chini, dera, suruali na vyote. MaDlamini anasema pale ukienda polepole unaanguka. Dunia ya wapi hiyo?

Jeannine kacheka. Nimemhesabu meno.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimewanasa! Jeannine ananong'ona na MaDlamini, na MaDlamini anatafuna mkate. Kisha huyohuyo MaDlamini ananifundisha nisitangulie. Nikae nyuma ya mwenzangu, yeye akate upepo, mwishoni ndipo nichomoke. Upepo gani ndani ya nyumba? Nikamuuliza tangu lini mtu mzima akafuata matako ya mdogo wake. Samira naye, eish gogo, msikilize, kila mtu anajua hivyo. Kila mtu! Wote wamenunuliwa kwa mikate.

Lakini na mimi nina akili. Nimempelekea Jeannine sinia la bokoboko, zito kama saruji. Ale, alemewe, asinyanyuke mpaka Jumapili.

Ijumaa, 8 Agosti

Sinia limerudi tupu, limeoshwa. Jeannine kasema tangu aje Joburg hajapata nguvu namna hii. Juu ya sinia kaweka mikate mitano. Sumu hiyo! Nikampa msimamizi wa jengo aonje kwanza. Kala yote, kauliza kama Jeannine ana mingine.

Jioni Samira kanishika mikono. Kwa Kiswahili, cha kuvunjikavunjika, kasema, "Bibi, kesho kaa nyuma. Tafadhali." Bibi! Tangu azaliwe hajaniita hivyo. Nimeahidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Niliamka nimenuia kukaa nyuma. Wallahi.

Mizunguko mitatu, wawili wawili: mimi na Jeannine. Filimbi ikalia. Jeannine haendi. Nami siendi. Tunajikokota pale chini penye tambarare, tunatazamana kama majogoo. Ndipo yule mwanamke akainamisha kichwa, mbele ya kadamnasi, akasema, "Shikamoo, Bibi. Weye ni mukubwa, tangulia."

Miaka miwili hajaniamkia hata siku moja! Kajifunza wapi? Nilishuku. Nilishuku sana. Lakini shikamoo haikataliwi. Nikasema marahaba, nikatangulia.

Samira anapiga kelele huko juu, Kizulu kitupu. Sikumsikiliza. Nilikwenda kama risasi! Mbele niko mimi, mpaka mzunguko wa tatu, kama inavyopasa. Hatua kumi kabla ya mstari kitu kikapita ubavuni: fyuu! Mkongo.

Na kusimama sikuweza. Pedali zilinizungusha mara nne zaidi, watu wakinipigia makofi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimejua. Zile mbao. Upande wangu zilipakwa mafuta ya mikate. Nimemwambia Samira. Kaniuliza kwa nini nilitangulia na nilikuwa nimeahidi. Nikamuuliza, kwani yeye hakusikia shikamoo? Kajifunika blanketi mpaka kichwani. Si Kizulu, si Kiswahili.

Jeannine kahamia mlangoni. Asubuhi kaja mwenyewe, shikamoo tena, kasema haifai mukubwa akae kwenye vumbi na honi za teksi. Kanitafutia mahali pa heshima: ghorofa ya tisa, mwisho wa ngazi. Lifti imekufa tangu Idi. Msimamizi kaafiki palepale, mdomo umejaa mkate.

Nikamkazia macho. Nikatafuta hila, sikuiona. Nikasema marahaba.

Meza nimeipandisha. Mpaka adhuhuri hajatokea mteja. Lakini yeye yuko chini, mimi niko juu. Mwenye macho anaona nani kashinda.