Urais Wangu wa Gredi ya Saba

Jumatatu, 9 Juni

Nisamehe, shajara. Tangu Pasaka sijakuandikia hata mstari. Ulikuwa chini ya godoro, juu ya godoro kulikuwa na Tobias, na Tobias akilala hakuna mtu mwenye akili anayemwamsha kwa ajili ya kuandika. Ana miezi saba. Meno yanaota. Usingizi siku hizi nausikia kwa majirani tu, wakikoroma.

Leo balaa. Batulo, jirani anayenishikia Tobias nikienda kufundisha, alienda Garissa kwa Idd na hajarudi. Nikampigia. Akasema binti ya dada yake ameposwa ghafla, sasa ataondokaje kabla ya arusi? Nikampongeza kwa sauti tamu. Kisha nikakata simu na kukaa juu ya ndoo.

Ikabidi nimfunge mgongoni kwa leso, twende wote shuleni. Nikamlaza kwenye stoo iliyo nyuma ya darasa langu, kati ya mipira na viti vilivyovunjika. Hakulia. Nikaenda paredi nikijipongeza.

Kwenye paredi, Bwana Ndambuki, mwalimu mkuu, akatangaza kwamba mkaguzi anakuja Ijumaa. Vyoo vioshwe. Madaftari yasahihishwe. Na mwalimu atakayepatikana na mtoto mchanga darasani atarudi nyumbani na mtoto wake, akae huko huko. Alikuwa anaangalia bendera, lakini mimi ndiye niliyekuwa naambiwa. Njoki wa Gredi ya Nane akaitikia kwa kichwa kabla sentensi haijaisha. Njoki! Darasa lake limetulia kama kanisa siku ya Jumanne.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mama yuko Ugenya. Ondiek, baba Tobias, kazi ya reli imempeleka Voi mpaka mwisho wa mwezi. Nisipompata wa kumshika mtoto, kazi imeenda.

Jioni, nikitayarisha somo, wazo likaingia. Mada ya wiki hii ni mamlaka ya Rais na mipaka yake. Tutaunda serikali darasani! Rais atateua mawaziri. Mmoja atakuwa Waziri wa Watoto. Waziri lazima awe na ofisi. Ofisi ni stoo.

Kichwa hiki kinapotea bure katika shule hii ya Ziwani.

Jumanne, 10 Juni

Nilianza na urais. Nikawaambia uchaguzi una makelele na mkaguzi yuko njiani, kwa hivyo Rais ni mimi. Hawakubisha. Nilidhani ni adabu.

Halafu nikaandika ubaoni, kwa mwandiko mzuri kabisa: Rais huteua mawaziri. Bunge huwapiga msasa walioteuliwa, yaani huwahoji na kuwakagua kwanza. Mahakama yaweza kusimamisha amri ya Rais inayovunja Katiba. Mkono wangu mwenyewe, chaki yangu mwenyewe.

Nikamteua Awiti. Mtoto mpole, amelea wadogo zake, anamnyamazisha Tobias kwa kumpulizia shingoni. Awiti akasimama kwenda ofisini. Hared akainua mkono.

Baba yake Hared anauza mbuzi Kiamaiko, na mtoto amerithi mdomo wa soko. Akauliza Bunge liko wapi. Nikasema hatuna Bunge, tuna kazi. Akasema basi, Mwalimu, pole, lakini wewe si Rais, wewe ni chifu wa mkoloni. Darasa likaanguka kwa kicheko. Njoki, darasa la pili, akagonga ukuta wa mbao kwa rula.

Ili wanyamaze nikawapa Bunge. Darasa zima likawa wabunge, Hared akawa Spika. Akatoa hotuba papo hapo. Ati Kiamaiko nyama haitoki machinjioni bila kukaguliwa na kupigwa muhuri, na huyo ni mbuzi. Waziri je, apite hivi hivi?

Swali zuri. Nilitaka kumfinya.

Kwa hivyo Awiti atapigwa msasa kesho. Leo nimefundisha mguu mmoja darasani, mguu mmoja stoo. Tobias amekula kona ya ramani ya Afrika. Kona ya bahari tu, namshukuru Mungu.

Jumatano, 11 Juni

Asubuhi, kabla ya kengele, nilimpa Awiti andazi. La kumtia nguvu tu. Mtoto asihojiwe na njaa.

Msasa ulianza vizuri. Wakamuuliza nepi inafungwaje. Akaeleza vizuri hata wavulana wakaandika. Wakamuuliza mtoto akipaliwa na uji atafanya nini. Akajibu. Nikaanza kutabasamu. Ndipo Wamalwa, ambaye hajawahi kuuliza swali tangu aje shule hii, akauliza taratibu kama mteuliwa amepokea kitu chochote kutoka kwa Rais.

Awiti hawezi kusema uongo. Ni mimi niliyemfundisha hivyo. Akasema, "Andazi moja. Lilikuwa la moto."

Weee! Walipiga madawati, wakasema ni hongo. Mmoja akataka kujua kwa nini wabunge hawakupewa. Kura zikapigwa, jina likakataliwa. Awiti akalia. Nikampangusa uso kwa leso na kumwambia hakukosea, aliyekosea ni Bunge.

Lakini Tobias hajui mambo ya kura. Alikuwa anakohoa stoo, kile kikohozi cha kutangulia kilio. Nikatoa amri ya Rais. Kwa mamlaka niliyonayo, Awiti atakuwa kaimu waziri. Kaimu hapigwi msasa. Nilishangaa jinsi neno hilo lilivyonitoka upesi.

Awiti akaenda stoo. Kelele zikaisha. Nusu saa nzima nikiwa Rais wa kweli!

Kisha Kawsar. Huyu huwa hasemi, anakaa dirishani na hijabu yake imenyooka kama karatasi mpya. Akasema kama kuna Rais na Bunge, basi mahakama iko wapi, maana Mwalimu aliiandika ubaoni na bado haijafutwa. Wakamchagua yeye jaji. Akaomba kitu cha kuvaa. Wakampa leso yangu ya kubebea mtoto. Akaivaa mabegani, akasoma amri yangu mara mbili, akaisimamisha. Kesi itasikizwa Ijumaa.

Nikamwambia Ijumaa mkaguzi anakuja. Akanijibu kwa heshima yote kwamba mahakama haipangiwi tarehe na Ikulu.

Alhamisi, 12 Juni

Niliamua kulivunja Bunge. Nikaamka na wazo hilo, nikanywa nalo chai. Nilipotangaza, Hared akaniomba nimwonyeshe kifungu. Tukakitafuta pamoja kwenye Katiba ya maktaba, mimi na yeye, vichwa vimegusana. Hakipo. Rais wa Kenya hawezi kuamka tu na kulivunja Bunge kwa sababu limemkera. Nikajisikia fahari kwamba mtoto wangu anasoma sheria hivyo. Nikajisikia pia hamu ya kumfukuza.

Basi nikabadilisha njia. Wakati wa mapumziko nikamwita Spika mezani kwangu. Nikamwambia nchi inahitaji umoja, tuwe na serikali jumuishi, na kuna wizara moja iliyo wazi: Wizara ya Chaki na Dasta. Akakubali kabla sijamaliza kuitaja dasta.

Nilishinda! Kwa dakika chache.

Bunge lilimvua uspika pale pale. Wakamzomea ati amehama kambi kwa sababu ya vumbi la chaki. Yeye akawajibu kwamba kazi ni kazi. Wakamchagua Wamalwa. Nilifurahi, kwa sababu Wamalwa husema polepole sana, nikajua hawatamaliza chochote. Neno lake la kwanza kama Spika lilikuwa "hoja". La pili lilikuwa "kumtimua". La tatu lilikuwa "Rais".

Njoki alichungulia mlangoni na kuniuliza, "Mwalimu Adoyo, huku ni shule ama ni baraza?" Nikamjibu ni mtaala mpya. Akaondoka. Tobias akacheka stoo, kwa sauti. Njoki akasimama. Nikakohoa. Nikakohoa tena, nikijaribu kucheka kama mtoto. Akaniambia ninywe tangawizi.

Awiti bado yuko stoo. Najua amri imesimamishwa. Ningefanya nini?

Ijumaa, 13 Juni

Mkaguzi ni mama mmoja anaitwa Bi. Muthama. Viatu vya chini, miwani ya kamba. Akakaa dawati la nyuma, Bwana Ndambuki kando yake, amejipaka mafuta mpaka masikioni.

Nilikuwa nimejipanga. Nikasema leo tunafanya ramani ya Kenya. Kawsar akasimama na leso yangu mabegani. Akasema samahani Mwalimu, kesi iko mbele ya mahakama na tarehe ilishatolewa.

Bi. Muthama akauliza ni mahakama gani. Nikasema sijui.

Kawsar hakungoja. Akaketi kwenye kiti changu, akauliza kama amri ya mahakama imeheshimiwa na Serikali. Akauliza kaimu waziri yuko wapi, maana dawati lake liko wazi. Hared, waziri wangu mwenyewe, niliyempandisha cheo kwa mikono yangu, akaelekeza kidole stoo.

Hiyo ni kudharau mahakama, akasema Kawsar. Waziri aletwe.

Akaletwa. Awiti akatoka na Tobias begani. Tobias alikuwa na filimbi ya michezo mdomoni. Akaona watu wengi, akafurahi, akaipuliza.

Sikumwangalia Bwana Ndambuki. Nilisikia tu kiti chake.

Kawsar akatoa uamuzi, bila kutabasamu. Kwamba Rais ana mamlaka, hakuna anayebisha. Lakini jina lilikataliwa na Bunge, akalirudisha kwa mlango wa nyuma. Umma haukuulizwa. Na Awiti amekosa hesabu tangu Jumatano. "Mtoto huyu ni wa Rais," akasema, "si wa Jamhuri." Amri ni batili. Rais ambebe mtoto wake mwenyewe.

Akavua leso, akanipa.

Hiyo ya hesabu iliniingia. Nikamfunga Tobias mgongoni mbele ya wote. Akatulia papo hapo, shavu kwenye uti wangu. Wiki nzima alikuwa anataka hapo tu.

Wamalwa akaleta hoja yake. Wanaotaka Rais atimuliwe, mikono juu. Mikono yote ikaenda juu. Awiti akainua wa kwake huku akiniomba msamaha. Hared akainua wa kwake bila kuniomba kitu. Tobias, mgongoni, akainua miwili. Wamalwa akahesabu mmoja.

Bi. Muthama akauliza ni nani aliyewafundisha watoto hawa. Nikajua kama ni kwenda nyumbani, niende nikiwa nimesema kweli. Nikasema ni mimi.

Akavua miwani. Akasema ametembea shule nyingi, watoto wanajua Rais anaweza nini. Hawa ndio wa kwanza aliowaona wanaojua hawezi nini. Bwana Ndambuki akaanza kutabasamu kana kwamba mada ilikuwa yake. Tabasamu likakatika alipoulizwa walimu wenye watoto wanaonyonya wanakaa wapi katika shule hii. Akaangalia dari. Sheria inataka wawe na mahali, akasema mkaguzi. Stoo iondolewe vitu. Atarudi kuona.

Kisha akanigeukia mimi. Hakuna mwanafunzi tena atakayetolewa darasani kushika mtoto. Hakuinua sauti. Nikasema ndiyo, Madam, na nilikuwa namaanisha.

Kazi ninayo. Tobias ana chumba. Mchana nimekaa na Awiti chini ya dirisha, tukafanya hesabu zote za sehemu alizokosa. Nusu ya robo ilimsumbua. Hata mimi ilinisumbua.

Jumapili, 15 Juni

Stoo imefagiliwa. Imekuwa chumba kizuri, kina upepo. Bwana Ndambuki amesema Jumatatu walimu wanaohusika tukae chini, tukubaliane kitatumiwaje. Wanaohusika ni mimi, mwalimu wa chekechea mwenye mapacha, na Njoki. Njoki ni mjamzito! Nimeambiwa juzi. Kumbe ndiyo sababu ya tangawizi: huinywa kwa kichefuchefu.

Nimefikiria jambo hili nikifua. Kukaa chini kutachukua wiki nzima. Kila mtu atataka kusema. Na chumba, tuseme ukweli, kimepatikana kwa jasho langu. Kwa hivyo nimejiteua msimamizi. Kwa muda tu. Nimeandika kanuni pia, ziko tayari kubandikwa mlangoni kabla hawajafika. Mtoto wa Njoki atafikiriwa atakapozaliwa, akituma maombi.

Anayebaki ni wa kukaa na Tobias humo ndani. Si mwanafunzi! Hilo nimelielewa vizuri. Ni Lorraine, binti ya mjomba, amemaliza shule na yuko tu nyumbani Ugenya. Nimempigia Mama. Akauliza kama hao walimu wengine wamekubali. Nikamwambia watakubali wakishaona.

Nimwandikie tena asisahau. Vitu ninavyohitaji vitumwe na basi la Jumatatu usiku:

Mkeka mpana, ule wa sebuleni.
Neti ya mtoto.
Unga wa wimbi, usagwe laini, usichanganywe na mihogo.
Pazia la maua, lisiloonyesha ndani.
Lorraine, na sweta yake. Akiulizwa na mtu yeyote njiani au shuleni, aseme ameshaajiriwa.
Kufuli kubwa. Yenye ufunguo mmoja.