Mama Mkwe Ndani ya Raki

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza kazi itakayonipa jina. Ofisi ya bima, ghorofa ya tatu, chumba kisicho na dirisha nyuma ya choo cha wageni. Humo ndimo tunafunga raki: kabati la chuma refu kunishinda, halina mgongo wala aibu, linabeba mitambo yote ya simu na intaneti ya jengo. Kila chumba kinaleta waya wake humo. Aliyeishika raki amelishika jengo zima shingoni. Hilo nililisema kwa sauti.

Tuko mafundi wawili, mimi na Rula. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu hawezi kukaza skrubu moja bila kutoa rula mfukoni. Mtu mzima na ndevu zake, lakini akimaliza kula anakunja mfuko wa mkate mara nne na kuurudisha kwenye begi. Mtu wa hivyo utamwamini vipi?

Bosi ametukusanya asubuhi. Kasema kazi inakabidhiwa Jumatatu ijayo, na mmoja wetu atakuwa msimamizi wa saiti inayofuata, jengo la ghorofa tisa. Mwingine atabaki fundi wa kuamrishwa. Nikamtupia Rula jicho la vita. Alikuwa anapima mlango.

Kazi imegawanywa. Rula anafunga mitambo, mimi navuta nyaya na kubandika lebo. Nikadai nifunge angalau rafu moja, kwa heshima ya uzoefu wangu. Nilisoma umeme chuoni mwaka mmoja na nusu; nusu iliyobaki walimu walishindwa kunifikia. Nikaifunga rafu kwa jicho tu, bila pimamaji. Rula akaingiza mkono mfukoni. Akaweka nati juu ya rafu. Nati ikajiviringisha taratibu, kwa adabu, mpaka mwisho, ikatumbukia kwenye kiatu changu. Bosi akauliza kama rafu ile nimeiweka watoto waje kuteleza.

Hapana! Huyu Rula simwachii.

Tena siwezi. Mama mkwe amekuja Jumamosi kututembelea kwa siku chache, na masanduku matatu. Nimeshamwambia kwamba mimi ndiye mkuu wa kazi pale. Kasema vizuri sana, mkwe wangu, siku moja nitapita nikuone ukiamrisha. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 5 Machi

WAZO! Limenijia juu ya ngazi, kichwa ndani ya dari, vumbi mdomoni. Mawazo yangu yote makubwa yanapenda ngazi.

Ni hivi. Nyaya ishirini na nne zinatoka vyumbani na kuishia kwenye raki. Zote za bluu, zote sawa, kama mapacha wa mama mmoja. Bila lebo hujui ipi ya nani. Kanuni inasema lebo iandikwe namba ya chumba, na hapo ndipo penye ujinga. Fundi anayeandika lebo inayosomwa na kila mtu amejifukuza kazi kwa mkono wake. Lakini zikisomwa na mimi peke yangu? Wataniacha vipi? Watanipa usimamizi na kiti cha kuzunguka!

Kwa hiyo nimetumia ukoo. Chumba cha mhasibu nimekiita SHEMEJI, kaka wa mke wangu tunayekaa naye, anayehesabu vipande vya nyama kwenye sufuria, sufuria yenyewe yangu. Mapokezi ni DADA MKUBWA, hajanyamaza tangu azaliwe. Mashine ya kuchapa ni MJOMBA: inakohoa, inashika joto, inagoma. Kamera ya mlangoni ni BIBI, haoni vizuri lakini haachi kuangalia. Chumba cha meneja nimekiandika MIMI. Kuna swali?

Ikabaki betri kubwa iliyo chini kabisa ya raki. Umeme ukikatika hupiga kelele, piii, piii, piii, mpaka mtu aje aione. Nilifikiri sana jina la kuipa. Uongo, sikufikiri hata kidogo. MAMA MKWE! Nilicheka peke yangu mpaka ngazi ikayumba.

Hizi nimezitaja kwa utamu tu. Nyingine siandiki popote. Karatasi ina umbea. Kichwa changu ndilo kabati, na ufunguo nimeumeza.

Rula kauliza mbona nyaya zina majina ya watu. Nimemwambia ni mfumo wa kimataifa. Kasema hajawahi kuusikia. Nikamwambia ndiyo maana.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji amevaa shati langu jeupe bila ruhusa, akalirudisha lina doa la mchuzi kifuani. Nikamuuliza. Eti doa lilikuwepo. Lilikuwepo wapi, kiwandani?

Nimefika kazini moto moto, nikabandua lebo yake. Hawezi kukaa na mhasibu mtu wa namna hiyo. Nimemshusha stoo ya mafagio. Mhasibu sasa ni BINAMU. Haki imetendeka, na hakuna aliyeumia.

Mke wangu naye kanisifu mbele ya mama yake, kasema nina mikono ya dhahabu. Nimemtoa chumba cha mafaili ya zamani, nikampandisha chumba cha mikutano chenye kiyoyozi. Mapenzi si maneno matupu.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji kaamka mapema, katengeneza bomba la jikoni lililokuwa linavuja tangu mwaka jana. Bila kuombwa! Moyo wangu ni siagi, nimekiri. Nimempandisha kwa naibu meneja. Aliyekuwa huko alikuwa shangazi, ambaye alinipigia simu saa ya chakula cha mchana kunifundisha jinsi ya kulea watoto wangu. Shangazi ameenda stoo ya mafagio. Akafundishe ndoo.

Rula amezipanga nyaya za upande wake kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Dada wa mapokezi kaja kuzipiga picha. Nikasimama karibu ili nami nitokee. Kaniomba nisogee kidogo.

Halafu balaa. Jioni mama mkwe katangaza kwamba kesho anapita kazini kwangu. Nimekimbia kumpigia Rula, nikamsihi kesho aniite Mkuu, siku moja tu, kiungwana. Kasema atakubali nikiacha kumwita Rula kwa siku hiyo hiyo moja. Nikaapa. Nimekata simu ndipo nikagundua sijui jina lake.

Ijumaa, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimechomeka nyaya zote kwa kumbukumbu, tumewasha. Taa za kijani juu mpaka chini, zinakonyeza kama zinanifahamu. Bosi kaja na meneja wa bima kufanya majaribio. Kapiga simu ya meneja. Imeita stoo ya mafagio! Mama wa usafi kaipokea kwa heshima zote, kasema meneja hayupo, lakini kama ni deki anaweza kusaidia.

Bosi kaniuliza waya wa mhasibu ni upi. Nikaisogelea raki kifua mbele. Mhasibu. Mhasibu ni Binamu. Au Binamu alikuwa mhasibu kabla ya bomba? Hapana, kabla ya shati. Na mimi nilijihamisha lini? Nikakumbuka kwamba jana kwa uchungu wa ile picha nilijiadhibu mahali fulani. Wapi? Kabati la kichwa likafunguka, na ndani hamna hata kijiko. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Meneja akatazama saa. Bosi akasema polepole kwamba kama hizi nyaya hazisomeki, tutaanza upya na kazi haitakabidhiwa, na ataanza na mtu wa lebo. Yaani kunifukuza. Mimi!

Hapo ndipo viatu vya mama mkwe vikasikika kwenye korido.

Rula, uso mkavu kama ukuta, akasema, "Mkuu, mgeni wako." Bosi akauliza Mkuu ni nani. Nikakohoa. Mama mkwe akasalimia wote, akavaa miwani, akaisogelea raki, akauliza kwa upole mbona ukoo mzima umening'inizwa kabatini.

Nikaeleza. Si yote. Ya kutosha.

Nilidhani atanivua nguo kwa maneno. Badala yake alinyoosha kidole kwenye lebo ya mwanawe, akauliza hii niliibandika kabla ya bomba au baada. Nikasema baada. Basi, akasema, yuko pazuri, mtafuteni kwa wakubwa. Rula akachomeka. Simu ikaita kwa naibu meneja! Na shangazi, je, alipiga simu jana? Basi yuko mahali pabaya kuliko pote, angalieni stoo. Ikaita stoo! Binti yake alinisifu lini? Jumatano. Basi yuko penye baridi nzuri. Mimi mwenyewe akaniangalia juu mpaka chini, akasema huyu akikasirika na nafsi yake hujificha karibu na chakula. Jikoni! Ikaita jikoni. Moja moja, mpaka nyaya zote zikaenda kwao, na Rula nyuma yake akiandika namba za vyumba kwa penseli. Mama mkwe akamwambia Bosi asinione vibaya, mkwe wake ana roho nyepesi, ukimkosea asubuhi jioni umeshasamehewa, ni kujua tu ilikuwa siku gani.

Nikaanza kupumua. Bosi akasema limebaki jaribio la mwisho. Akazima umeme.

Piii. Piii. Piii.

Wote wakainama kutazama inakotoka kelele. Herufi kubwa, mwandiko wangu bora wa wiki nzima: MAMA MKWE.

Rula akajificha nyuma ya rula yake, kama inamtosha. Mimi nikaitazama dari niliyotoka nikatamani kurudi.

Mama mkwe akaitazama betri. Akazitazama taa, zote bado za kijani ingawa jengo zima lilikuwa giza. Akamuuliza Bosi, "Hii kazi yake nini, baba?" Bosi akasema hii ndiyo inayowashika wengine wote wasianguke umeme ukikatika, na inapiga kelele ili mtu aje asaidie.

Mama mkwe akavua miwani. Akasema basi hii kaipatia. Akaongeza kwamba wengine wote walipanda na kushuka wiki nzima kama ndoo ya kisima, ila hii tu hakuihamisha.

Kweli! Sikuihamisha. Wala sikuwa nimeligundua hilo mpaka aliposema. Kidogo machozi yanitoke. Ni vumbi la dari.

Kwenye ngazi tukishuka kaniambia kelele zile, hata hivyo, zingeweza kupunguzwa.

Jumamosi, 9 Machi

Rula ndiye msimamizi.

Bosi kalitangaza bila hata kunitazama. Halafu kanitazama, kasema mimi alitaka kunipa likizo isiyo na mwisho, lakini Rula amenitetea. Eti nyaya zangu zimevutwa vizuri, hakuna hata moja iliyokunjika wala kukwaruzwa ndani ya dari, na kwamba kuvuta waya vile ni kipaji. Nimeumia sana. Angenichukia ingekuwa rahisi. Nimempa nusu ya mkate wangu. Kaula, kakunja mfuko mara nne. Nimemuuliza jina lake. Kaniambia. Ni jina zuri, lakini Rula linamkaa zaidi, naye kakubali kwa kucheka, mara ya kwanza wiki hii.

Bosi pia ameomba namba ya simu ya mama mkwe, akamtumia yake. Kwa ajili ya dharura, kasema. Yangu hakuiomba, eti anayo tayari.

Amri ya kwanza ya msimamizi: bandua ukoo wote, bandika namba, moja mpaka ishirini na nne, kama kanuni inavyosema. Kwenye raki, kwenye milango ya vyumba na kwenye mchoro wa kukabidhi. Iwe tayari Jumatatu.

Mke wangu kaniuliza nimejifunza nini. Nimemwambia mengi. Kaomba moja. Nimemwambia mambo mazuri hayaharakishwi.

Jumatatu, 11 Machi

Imekabidhiwa! Namba tupu, safi, nyeusi kwenye nyeupe. Rula kazipitia kwa rula yake, zimenyooka. Meneja kashikana mkono na kila mtu, hata mimi. Bosi kanipiga begani. Hakuna Shemeji, hakuna Shangazi. Mama mkwe peke yake ameachwa pale chini kwenye betri, kwa ombi la meneja mwenyewe, anasema amempenda.

Mimi ni mtu wa kuelewa. Ukoo ulikuwa kosa, nakubali, maana ukoo unahamahama. Namba hazina hasira. Namba hazivai shati la mtu. Kwa hiyo kwenye mchoro na milangoni nimehesabu kama watu wote, kutoka kushoto. Ila kwenye raki, kimya kimya, nimeanzia kulia. Moja yao ni ishirini na nne yangu! Leo simu zimeita sawasawa, kwa sababu hakuna aliyegusa kitu. Lakini siku watakapotaka kuhamisha waya mmoja tu watahangaika, watatoka jasho, mwisho watamtafuta mtu mmoja duniani anayejua. Nani ataniacha sasa? Jengo la ghorofa tisa, nisubiri!

Jioni mama mkwe alikuwa jikoni anamenya viazi. Kaniuliza tu, bila kuinua macho, hizo namba nimeanza kuhesabu kutoka upande gani. Nikamjibu kushoto, mama, kama watu wote.

Akacheka. Akafuta mikono kwenye kitambaa, akamuuliza mke wangu simu ya mama yake ameiweka wapi.

Sijui anataka kumpigia nani saa hizi.