Mwanaima Atatutembeza Mji wa Kale

Jumatatu, 4 Agosti
Mwanaima amepita mtihani wa kuandika! Mwanangu! Atakuwa mtembeza wageni wa Mji wa Kale, Mombasa! Asalaam aleikum, daftari, niwie radhi, furaha imetangulia. Umebaki mtihani wa miguu, Alhamisi: awapitishe watakaojitokeza vichochoro tisa, kuanzia ngomeni, kwa saa moja. Akifaulu, beji. Nimempasha habari jirani yangu Twaiba, ambaye mwanawe anakunja mataulo hotelini Diani yakawa bata. Akasema hongera, kama aliyemeza mwiba.

Jumanne, 5 Agosti
Mwanaima anasema nisije. Ati nitaongea. Mimi! Basi nitavaa nikabu, nijiunge kama mgeni. Nani atanijua?

Jumatano, 6 Agosti
Nimevuka feri kuizoea njia. Subhanallah, mji ule! Kuta zimekaribiana hata jua linashuka kwa zamu. Harufu ya udi inakufuata, dirisha lake hulioni. Milango ya nakshi mizito, kama inalinda usingizi wa mtu. Nikasimama chini ya roshani moja, nikajiona niko juu yake, nanywa kahawa, watu wanaonyeshana: mamake Mwanaima yule! Kuzinduka, niko mbele ya mlango uleule mara ya nne. Kupotea? La. Nilikuwa nahakikisha.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilinyamaza kichochoro kizima! Cha pili, bibi kizee amekaa barazani. Wenzangu wakampita bila salamu, kama mbuzi. Mimi, mtoto wa Msambweni, nitaweza? Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, wa nyumbani hawajambo? Na wewe ni wa kwa nani? Kumbe mamake alizaliwa Gazi, nyumba ya pili kutoka kwa nyanya yangu! Akatuingiza ndani sote, akatoa kaimati. Nikafunua nikabu nile. Mwanaima akasema neno moja tu: Mama. Bwana Randu, mtahini, akameza kaimati ya tano, akatazama saa. Muda umekwisha. Vichochoro viwili. Beji hakuna. Atarudia Jumamosi ya wiki ijayo, mara ya mwisho.

Ijumaa, 8 Agosti
Mwanaima hasemi nami. Twaiba amekuja kunipa pole, meno yote nje. Ati bata wa mwanawe hawana mama wa kuwaharibia. Nimelala mchana. Nimeiota roshani.

Jumapili, 10 Agosti
Kosa nimelijua! Nilikuwa peke yangu, ndiyo maana salamu zikala muda. Tukiwa wengi, kila mmoja atashika baraza lake, na Mwanaima apite moja kwa moja. Nimealika kina mama kumi na wanne, hata Twaiba, aone beji kwa macho yake. Nikabu zinatosha. Mwanaima hajui, atafurahi huyo! Wote mbele ya ngome, Jumamosi tarehe 16, saa tatu kamili asubuhi.