Dakta Vandersloot Afungua Kituo cha Dirisha Moja cha Misaada ya Masomo

Mheshimiwa Kamishna wa Kaunti ya Tolliver. Mheshimiwa Makamu wa Rais wa Chuo anayeshughulikia Mipango, pamoja na Kaimu wake, pamoja na msaidizi wa Kaimu ambaye ndiye hasa hufanya kazi. Mchungaji wetu wa Kilutheri. Mkuu wa Zimamoto. Malkia wa Mahindi wa tamasha la mwaka huu, na yule wa mwaka jana ambaye bado hajarudisha taji. Wanachuo, wazazi na walipa kodi wa jimbo letu la Iowa: mimi, Dakta Royce Vandersloot, Mkurugenzi wa Misaada ya Masomo, naomba itifaki ihesabiwe kuwa imezingatiwa, maana kuiandika kumenichukua wiki mbili. (Makofi kutoka safu ya mbele, walikokaa watumishi wa ofisi yake.)

Ni saa kumi kamili alasiri, na tumekusanyika katika uwanja huu wa kuegesha magari, mbele ya mlango huu wa kihistoria wenye utepe mwekundu, ili dunia ishuhudie jinsi ofisi yangu ilivyozipokea kanuni mpya za mikopo na ruzuku za serikali ya shirikisho kwa weledi, utayari na uwajibikaji, kupitia mkakati shirikishi wa kimfumo wenye nguzo saba, ambazo nne kati yake tayari zimepata majina. (Makofi hafifu. Mtu anauliza kama donati zilizo mezani ni za bure.)

Wako wanaonung'unika kwamba sasa anayesoma nusu ya masomo atapewa nusu ya mkopo. Nawauliza: nusu ya mkopo si nusu ya deni? Vijana wamepunguziwa deni kwa asilimia hamsini bila hata kuomba, na wale mia mbili na kumi waliokatiza masomo kwa kukosa karo, hao tumewaepusha na deni jipya kwa asilimia mia moja, kiwango ambacho vyuo jirani vinakiota tu. (Kicheko. Si cha furaha.)

Naona mkono. Mama mwenye koti la kazi, sema, lakini kwa ufupi, maana muda wetu ni mdogo.

("Dakta, naitwa Loretta Haugen, nasomea uuguzi. Kiwanda cha nyama ya bata mzinga nilikofanya kazi kilifungwa Januari, sina kazi. Fomu yenu inahesabu mshahara wangu wa mwaka juzi, kwa hiyo inasema najiweza na inaninyima msaada. Wasichana wako wa mapokezi wameniambia ni wewe tu unayeruhusiwa kusahihisha. Karatasi zote hizi hapa. Nisipopata saini yako kabla ya saa kumi na moja leo, nafasi yangu anapewa mwingine.")

Swali zuri sana. Mama Haugen, fomu haikukosea. Fomu ina kumbukumbu. Mwaka juzi ulikuwa mfanyakazi hodari, na sisi tunaiheshimu historia yako kuliko unavyoiheshimu wewe mwenyewe. Hata hivyo saini zote sasa zitatolewa na Kituo hiki kipya, huduma zote dirisha moja, Kituo kitaanza utepe ukikatwa, na utepe hukatwa mwisho wa hotuba.

("Ni saini moja tu. Kalamu si hiyo hapo mfukoni?" Mzee mmoja nyuma anadakia: "Mpe, bwana. Mwenzio ana haraka, wewe una maneno.")

Kalamu hii, mzee wangu, ni kalamu ya uzinduzi. Nikiitumia sasa, nitazindua nini baadaye? (Makofi ya safu ya mbele.)

Tuje kwenye takwimu. Mwaka huu ofisi yangu ilipigiwa simu elfu nne mia tatu na kumi na mbili, na kila moja ilipokelewa, bila ubaguzi, kwa muziki. Asilimia tisini na sita ya wapigaji hawakuwa na lalamiko lolote baada ya dakika arobaini, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukata simu. Mimi binafsi nimekwenda Florida mara tatu, kwenye hoteli zenye ufukwe wao wenyewe, kuhudhuria makongamano juu ya ugumu wa maisha ya mwanachuo, na nakiri kwamba niliguswa, hasa siku ya pili.

("Dakta, ni saa kumi na dakika hamsini." Ni Loretta. Ameshasogea hadi chini ya jukwaa.)

Nakushukuru kwa kunikumbusha muda, mama. Hilo linanileta kwenye nguzo ya tatu.

(Nguzo ya tatu ni uwazi. Inachukua dakika kumi na tano. Kengele ya kanisa inagonga saa kumi na moja katikati yake, naye anaingoja imalize ili asikike vizuri.)

Na sasa, utepe! (Anakata kwa mkasi mrefu kama mguu wa mtu. Mlango unafunguka. Ng'ambo yake kuna uwanja ule ule wa magari.)

Kwa unyenyekevu namshukuru Bwana Ostrander wa duka la mbao, aliyetuazima mlango huu na anayeuhitaji kabla hajafunga duka leo. Namshukuru mshauri mwelekezi, aliyetumia bajeti yote ya jengo kuchunguza kama jengo linahitajika. Na nakushukuru wewe, Mama Haugen, ambaye picha yako, tuliyokupiga ukiwa kwenye foleni, ipo kwenye jalada la kijitabu chetu kama mnufaika wa kwanza. Dirisha moja! (Watu wanaanza kuelekea kwenye magari yao.) Fursa kwa wote! (Donati zimekwisha.)

Haya mama, lete fomu. Kalamu imezinduliwa.

("Iache tu, Dakta. Mfumo wenu umeshajifunga. Baada ya miaka miwili fomu itajua kwamba sina kazi." Anakunja karatasi zake na kuondoka. Wanaume wawili wanauinua mlango kuupakia garini.)

Taratibu na huo mlango, jamani, msiukwaruze. Nimeutilia saini mwenyewe.